Udongo wa Kisamvu

Nilifundisha sayansi shule ya msingi hapa Al Qabil miaka mingi, na kosa kubwa la maisha yangu nimelifanya nikiwa nimeshastaafu, tena kwa sababu ya udongo. Nikisema hivi watu hucheka. Waache wacheke. Nilichomfanyia binti wa nyumba ya jirani hakichekeshi, na nakiandika kwa sababu nimechoka kukaa nacho peke yangu.

Mama yangu ni mtu wa Unguja mjini. Nchi hii ya Waarabu alikuja mtu mzima, na mimi mtoto wa miaka sita nimeshikilia buibui lake. Sasa amepita themanini. Mwaka juzi aliugua, na alipopata nafuu akakataa kula. Wali hataki, harisi hataki, mchuzi wa papa aliokuwa akiugombania anausukuma kwa kidole. Siku moja akasema, "Mie ningepata kisamvu ningekula." Kisamvu, Al Qabil. Mitende unayo mpaka unachoka kuitazama, ndimu unazo, majani ya mbuzi unayo. Majani ya muhogo utayatoa wapi? Nikampigia jamaa yetu wa Fanja, ambaye ana miti yake ya muhogo shambani, nikamfuata, akanipa vijiti kumi, nikavifunga kwa gunia lililoloweshwa maji. Nikavichomeka nyuma ya nyumba, na vyote vikakauka.

Nikaona hapana, hili nitalifanya kisomi. Nikachukua chupa tupu ya achari, nikatia udongo wa nyuma ya nyumba, nikatia maji, nikatikisa, nikauacha mpaka kesho yake, kama nilivyokuwa nikiwafanyisha watoto darasani. Chini ilikaa changarawe tupu, juu yake mchanga kidogo, na juu kabisa utando mwembamba wa udongo laini. Nikapima na udongo wa wadi, lile bonde la mto mkavu. Huo ulikuwa laini mtupu, ukinywa maji unanata, ukikauka unapasuka na kuwa mgumu kama sakafu. Mchanga wa upande wa Bidiya nao haushiki kitu, maji yanapita humo yakienda zao. Basi nikaagiza gari la mchanga, gari la udongo wa wadi, na samadi ya mbuzi, nikachanganya kwa vipimo vyangu mwenyewe, na nikajenga tuta refu la kufika kiunoni kando ya ukuta wa nyuma. Udongo ule ulikuwa mzuri wallahi. Ukiufumba mkononi unashikana, ukiufinya kwa kidole unaachana.

Mama alitolewa kiti nje akaja kuukagua. Akauchukua kidogo, akaunusa, akasema, "Huu bado una njaa. Kwetu tulikuwa tukifukia vichwa vya samaki na matumbo chini ya mpapai, ukizaa hata majirani wanakuja kuomba." Mimi nikamsikiliza, maana nilikuwa tayari kufanya lolote ale. Gari la samaki linatoka Sur kila baada ya siku mbili, na muuzaji akawa ananiwekea mfuko wa vichwa na matumbo bure. Nikavifukia. Sasa, mtu aliyefundisha sayansi anajua kitu cha kuoza kinafukiwa chini sana. Lakini mgongo ulikuwa ukiniuma, nikawa nachimba kiganja kimoja tu, nafunika, naingia ndani. Mwanafunzi wangu angelifanya vile ningemnyima maksi.

Muhogo ukaota ajabu. Baada ya miezi michache tulikuwa na majani ya kuchuma kila wiki, na mama akala. Alikula mpaka akaanza kutukana wapishi tena, na mimi nikajua amepona.

Aliyekuwa akitutwangia ni huyo binti ninayemsema. Ukuta wetu wa nyuma tunauchangia na mjane mmoja wa hapahapa, mwanamke mwema mwenye umri wa kunizidi, ambaye mimi humwita khalti, kama kusema mama mdogo. Khalti anaishi peke yake. Mwanawe mmoja anafanya kazi Ibra na huja siku za mapumziko. Yule binti alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwake, mtu wa Tanga, umri wake labda ishirini na tano, mwanawe mdogo kamwachia mama yake kule. Kabla ya hapo alikuwa kwenye nyumba moja Firq alikofanyishwa kazi mpaka miguu ikamvimba, na ofisi iliyomleta ikamtoa. Alipoletwa kwa khalti alidhani anaota. Ana chumba chake, anakula anachokula khalti, Ijumaa jioni anaruhusiwa kuja kwetu. Lakini ofisi ilishamwambia neno moja: nyumba hii ikikurudisha, utakwenda tutakakotaka sisi na hutaulizwa. Alinieleza hayo mara nyingi. Kitu kimoja tu alichokiomba duniani ni kubaki kwa khalti mpaka mkataba uishe.

Ijumaa anakuja, ananipa shikamoo akiniita mama, anampa mama yangu shikamoo, anakaa kwenye kinu. Mama akimtania Kiswahili chake. "Wewe unasema kama unapiga mbio," anamwambia, naye anacheka, anajibu, "Bibi na wewe unasema kama unaimba." Kiarabu hakuwa nacho ila cha jikoni. Maji, chumvi, mlango, njoo, bas. Na khalti Kiswahili hana hata neno. Kwa hiyo kila jambo lao lenye uzito lilipita kinywani mwangu. Binti akiumwa, naitwa. Khalti akitaka kumweleza wageni watakuja wangapi, naitwa. Nilikuwa naringa kidogo kwa kazi ile, sitaficha.

Mbweha wa kwanza tulimwona alfajiri, amesimama juu ya tuta, mdogo, masikio makubwa kuliko uso. Mama hakuwahi kuona mbweha Unguja. Akasema, "Huyo ndiye ngawa wa hapa," na akamwonea huruma kwa wembamba wake. Muda si mrefu wakawa wawili. Kisha mtaa mzima ukaanza kusema. Mtu kapoteza paka, mwengine kakuta mapipa ya taka yamepinduliwa, mwengine kaona watatu barabarani mchana kweupe, hawaogopi. Wanaume wakiulizana msikitini, kuna nini siku hizi, zamani walikuwa hawashuki mpaka majumbani. Mzee mmoja alisema kuna mtu anatupa nyama nje. Nikalisikia hilo nikanyamaza.

Aliyelijua jibu alikuwa binti. Ijumaa moja alikwenda kuchuma majani, akarudi mikono mitupu akaniita kwa sauti ndogo. "Mama, njoo uone." Nyuma ya tuta, pale ukutani, palikuwa na shimo la duara la kupitisha kichwa cha mtoto, na mbele yake mifupa ya samaki imetawanyika. Ndani tulisikia vitoto vinalia. Nikaelewa pale pale, maana ndiyo kazi niliyofundisha. Kwenye changarawe mbweha hawezi kuchimba. Kwenye mchanga akichimba pango linaporomoka. Mimi nimempimia udongo wa kutosha, unaochimbika na usiobomoka, na nimemwekea chakula mlangoni. Mtaa ulikuwa ukiuliza mbweha wameongezeka vipi. Walikuwa wakizaliwa kwangu.

Nilipaswa kwenda moja kwa moja kwa khalti, ana kuku nyuma ya ukuta ule ule. Sikwenda. Nilijiambia nangoja vitoto vikue viondoke. Uongo. Niliona haya. Sisi tuliotoka Zanzibar tumeishi hapa miaka hamsini na bado mtu akikasirika anakukumbusha ulikotoka. Nilishasikia sauti zao kichwani. Hao watu wa Zanzibar, wamefukia uchafu wa samaki kati ya nyumba za watu. Na nilijua watanitaka nilibomoe tuta, na mama ale nini? Basi nikamwambia binti, "Usimwambie mtu. Nitalishughulikia mwenyewe." Akasema, "Sawa mama." Na hakusema, hata kwa ishara. Alinihifadhia siri yangu majuma mengi, na mimi nikaendelea kuchuma kisamvu.

Kisha ikaja asubuhi ya kuku. Ilikuwa Ijumaa, mwana wa khalti yupo. Nikasikia naitwa ukutani, nikajifunga mtandio nikaenda. Bandani walikuwa wamelala kuku kumi na mmoja, wengine wameng'atwa shingo tu na kuachwa. Khalti amekaa juu ya ndoo, amemshika jogoo wake aliyekufa mapajani. Kuku wale ndio waliokuwa wakizungumza naye siku nzima. Mwanawe amesimama karibu na mlango wa banda, na binti mbele yake, mikono imefungamana.

"Muulize," mwana akaniambia, "kwa nini aliacha mlango wazi jana jioni."

Nikamuuliza. Binti akanijibu upesi, kwa Kiswahili, akinitazama machoni. "Mama, mlango nilifunga. Khalti mwenyewe kaufungua leo alipokuja kuwaangalia. Mbweha kapita chini. Nyuma ya lile pipa la chakula kuna shimo, linatokea kwako, kwenye lile tuta. Nenda uone udongo wako umemwagika mpaka huku. Waambie mama. Mimi siwezi kuwaambia."

Pipa lilikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa. Nililiona hata mimi, na chini yake udongo wangu mweusi wa samadi umetokeza kwenye changarawe nyeupe. Mtu yeyote angelilisogeza pipa lile kwa mkono mmoja. Mwana akawa ananingoja. Khalti akainua uso, naye ananingoja.

Nikasema kwa Kiarabu, "Anasema amekosa. Alisahau mlango. Anaomba msamaha."

Ni sentensi tatu tu. Sikupanga. Sikulala nikiwaza nitamsingizia mtoto wa watu. Zilitoka tu, laini, kwa sauti yangu ya mwalimu, na zilipotoka nikaona ni jambo jepesi, maana khalti ni mwema, atasamehe, na jioni tutakunywa chai. Nilijidanganya kwamba nimempunguzia mashaka kwa kumtia ombi la msamaha mdomoni. Lakini mwanawe hakuwa na wema wa mama yake. Akasema mtu anayesahau mlango wa kuku leo, kesho atasahau gesi, na mama ni mzee yuko peke yake. Akatoa simu kuiita ofisi.

Binti alikuwa akinitazama. Neno mlango alilijua kwa Kiarabu, ni moja ya yale maneno yake ya jikoni. Alilisikia katika kinywa changu, na hakuona mtu yeyote akigeuka kulitazama pipa. Alielewa. Hakulia na hakugombana na mimi mbele ya watu. Alisema tu, polepole, "Mama, hukuwaambia." Mwana akaniuliza, anasemaje? Nikajibu, "Anasikitika."

Alasiri gari la ofisi likaja. Nilikaa ndani nikasikia mlango wake ukifungwa. Sikutoka kumuaga.

Usiku na mchana mtu anaweza kuishi na jambo kama lile, nawaambieni. Unapika, unaswali, unafua. Nilimwomba Mungu msamaha kila siku, na kila siku nikijua Mungu hakuwa ndiye niliyemkosea peke yake. Khalti alinishukuru kwa kusaidia kutafsiri, akanipa kopo la halua, na nililipokea. Halua ile niliificha kabatini mpaka ikaota ukungu.

Ijumaa mbili zikapita, mama akaanza kuuliza. "Yule mtoto wa Tanga mbona haji?" Nikasema kahamishwa. Ya tatu akauliza tena. Nilikuwa nimempelekea sahani ya kisamvu nilichokitwanga mwenyewe, kimekaa vibaya, kina mishipa. Sijui kwa nini siku hiyo nilishindwa kudanganya. Nikamweleza yote, tangu shimo mpaka pipa, nimesimama na sahani mkononi kama mtoto aliyepasua chombo.

Mama hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alisema, "Keti." Nikaketi. Akasema, "Mie nilivyofika nchi hii sikuwa na Kiarabu. Unajua. Jina langu Kiarabu, babu zangu Waarabu, mdomo wangu hauna kitu. Nikienda hospitali, mtu ananisemea. Nikienda kuuliza karatasi zetu, mtu ananisemea. Miaka. Nasema maneno kumi, yeye anatoa mawili, na mie namtazama mdomo tu, sijui kanifanya mwema au kanifanya mwizi." Akaitazama sahani mkononi mwangu. "Nikakusomesha ili asitokee mtu wa kunisemea tena. Sasa wewe ndiye umekuwa yule mtu."

Akaisukuma sahani. "Hicho wape mbweha wako. Mie sikitaki."

Wahenga walisema njia ya muongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi sana, ni kuzunguka ukuta tu, lakini nilitembea nikiona kama sitafika. Khalti alikuwa barazani anachambua tende. Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa Kiarabu changu kizuri cha darasani, na kila neno nililiona linanivua nguo. Vichwa vya samaki. Tuta. Shimo. Kisha nikamwambia alichosema binti asubuhi ile, neno kwa neno, kama nilivyopaswa kukitoa siku ileile.

Khalti aliendelea na tende kidogo. Halafu akasema, "Shimo nimeliona jioni ya siku hiyo, nilipolisogeza pipa kufagia. Nikaona udongo wako. Nikasema, kumbe ni mbweha, maskini yule binti, na mwalimu hajui." Akaitazama mikono yake. "Nilitaka kuwapigia ofisi wamrudishe. Lakini nikasema, mbona amekiri mwenyewe? Mtu hakiri asilolifanya. Nikaona labda na mlango pia aliuacha. Kilichonizuia ni kukiri kwake." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kuku ni kuku. Mngeniambia, ningemwambia mwanangu aweke saruji pale chini, yakaisha."

Yakaisha. Nilikuwa nimemtoa mtu riziki yake kwa kuogopa kikombe kimoja cha saruji.

Mwanawe alikuja tukalibomoa tuta. Hakunisemesha, na alikuwa na haki. Udongo tuliutandaza uwanjani mwembamba, tukaupiga maji na kuushindilia kwa miguu, na vitoto vilikuwa vimeshakua, mama yao akavihamishia upande wa vilima. Samaki sikuchukua tena. Baada ya mwezi hivi mtaa ukatulia. Yote hayo yaliwezekana tangu siku ya kwanza.

Ofisi ilituambia binti yuko Sur, nyumba ya watu wengi, na kuhama tena hawezi mpaka wale waajiri wakubali. Khalti hakuchoka. Alifuatilia miezi, mpaka akapewa namba yake. Akaniita. "Piga wewe," akasema, "mimi sina lugha yake. Mwambie nimejua. Mwambie nataka arudi." Nikapiga. Aliitikia kwa Kiarabu, kama watu wa hapa wanavyoitikia, nikadhani nimekosea namba. Nikajitaja.

Nikaanza kusema, na nilisema vibaya, nikirukaruka. Nikamwambia nilichofanya, ingawa yeye ndiye aliyekijua kabla ya wote. Nikamwambia khalti anajua sasa, mama anajua, mwana wa khalti anajua. Nikamwomba radhi.

Akaningojea mpaka nimalize. "Nimekusikia mama," akasema.

"Khalti yuko hapa," nikamwambia. "Anataka nikueleze kwamba..."

"Usinieleze wewe. Mpe simu mwenyewe."

Nikampa. Khalti alishangaa, akaiweka simu sikioni kwa woga, akasikiliza, na macho yake yakafunguka. Binti alikuwa anamsemesha. Katika nyumba ile ya Sur hakuna aliyemjulia Kiswahili, amejifunza kwa shida na kwa kukemewa, na sasa maneno yalikuwa yakitoka, ya kumwambia mwanamke akiyasema kama ya mwanamume, mengine yamegeuka, lakini yake. Niliyapata mawili matatu. Mlango. Mimi nilifunga. Kisha khalti akasimama na simu, akaingia nayo chumbani, akaurudisha mlango.

Nilibaki barazani na vikombe vya kahawa. Walizungumza muda mrefu. Mara nilimsikia khalti anacheka, mara nikasikia analia. Nikajikuta nimenyoosha shingo kama mwanafunzi anayetaka kuchungulia majibu.

Alipotoka alikuwa amejifuta uso. Simu akanirudishia imeshazimwa.

"Atarudi?" nikamuuliza. "Amesema nini?"

Khalti alinitazama, bila hasira.

"Ameniambia mimi," akasema, akakusanya vikombe akaenda kuviosha.